Rosti ya Babu

Wengi wetu tukisikia neno "rosti" tunafikiria nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa kwa vitunguu na nyanya, ikaachwa na mchuzi mzito wa kuchovya chapati. Hiyo ndiyo rosti ya hoteli zetu, nami siikatai kabisa nikiipata. Lakini iko rosti nyingine, ya kipande kizima cha mbavu za ng'ombe pamoja na mifupa yake, kinachookwa bila maji, bila nyanya, na bila kitunguu. Hiyo ndiyo ninayotaka kuwasimulia. Likizo ya Juni iliyopita niliinunua na kuipika kwetu, nje kidogo ya mji wa Muheza, nayo ikanifunza jambo ambalo sikutarajia kulipata jikoni.

Habari yenyewe haikuanzia jikoni bali darasani. Siku moja katika somo la Lishe mwalimu wetu alituuliza tofauti ya kuchemsha, kukaanga, kuchoma na kuoka. Nikanyosha mkono kwa haraka. Nikasema kuwa kuoka ni kupika kwa joto kavu linalokizunguka chakula pande zote, na kwa kuwa nilitaka sifa, nikaongeza kuwa babu yangu alikuwa akioka mbavu nzima za ng'ombe, maana alikuwa mpishi wa meneja wa shamba la mkonge. Mwalimu akanisifu. Lakini kabla sijaketi, sauti moja ikatoka nyuma: "Kumbe babu yako alikuwa boi wa Wazungu!" Darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu alimkanya mwenzetu yule, na kwa upande wa darasa mambo yakaisha. Kwangu mimi hayakuisha. Tangu siku ile, mtu akiniuliza babu yangu alikuwa na kazi gani, nilijibu, "Alifanya kazi shambani." Sikusema uongo, kwani nyumba ya meneja ilikuwa shambani. Lakini mwajua wenyewe kuwa ukweli uliokatwa nusu ni jamaa wa karibu wa uongo.

Sasa niwajulishe babu. Alizaliwa mwaka 1939. Mwaka 1953, akiwa kijana wa miaka 14, aliingia katika nyumba ya meneja mmoja Mwingereza kuwa mtoto wa jikoni. Kazi yake ilikuwa kupasua kuni, kuteka maji, kumenya viazi na kusugua masufuria. Hakufundishwa kupika, alijifunza kwa kumtazama mpishi mkuu, mzee mmoja mkali ambaye hakupenda kuulizwa maswali. Miaka mitano baadaye mzee yule alirudi kwao, na babu akashika jiko. Akakaa hapo hadi mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, serikali iliposhika mashamba mengi ya mkonge na meneja yule akarudi Uingereza. Babu akaenda kulima machungwa, na kazi hiyo ndiyo iliyomlea mama yangu, na mimi pia.

Siku hizi babu haoni vizuri. Ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Anajua huu ni mwanga na hiki ni kivuli, na sura zetu anazijua kwa sauti. Wiki ya kwanza ya likizo nilikuwa nimeketi naye barazani jioni, nikimsomea kutoka katika daftari langu yale niliyoandika juu ya kuoka. Alisikiliza, kisha akacheka kidogo.

"Mwalimu wako amesema kweli," akasema. "Lakini hakukwambia habari ya mfupa."

"Habari gani, babu?"

"Mfupa ndio unaoilinda nyama. Mimi nimeipika rosti ya mbavu kila Jumapili kwa miaka mingi. Nikiipeleka mezani inakwenda nzima, ikirudi jikoni imebaki mifupa. Ile mifupa ndiyo niliyokuwa nikimletea bibi yako tukatia supu."

"Na nyama yenyewe ilikuwaje, babu?"

Akanyamaza kidogo, kisha akajibu bila uchungu wowote: "Nimeionja. Kipande kama ukucha, nimesimama, nione kama chumvi imekolea. Kukaa nikaila, sijaila."

Wenzangu, neno hilo lilinichoma. Nilikumbuka kicheko cha darasani, nikakumbuka na jibu langu la "alifanya kazi shambani." Usiku ule niliazimia kuwa kabla likizo haijaisha, babu ataila rosti ya mbavu akiwa ameketi kwenye kiti.

Fedha sikuwa nazo. Lakini Juni ni msimu wa machungwa kwetu, na malori huja kutoka mbali kupakia. Nikaenda kubeba machungwa. Kwa siku kadhaa nilibeba magunia mpaka mabega yakachubuka, nikapata shilingi 30,000. Sikumwambia babu chochote, maana nilitaka kumshangaza. Jumamosi asubuhi nikaenda buchani.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza. Duka lilikuwa limejaa watu, na mwuzaji alikuwa na shoka lake mkononi mbele ya gogo. Zamu yangu ilipofika aliniuliza, "Wewe kijana, nini?" Nilitaka kumwambia kuwa nataka kipande kizima cha mbavu kisichokatwa, cha kuoka. Lakini nyuma yangu walisimama vijana wawili ninaowafahamu, nami nikaogopa kuulizwa, "Cha kuoka? Umejifunza wapi upishi wa Kizungu?" Basi nikasema tu, "Mbavu, kilo tatu." Ka! Ka! Ka! Kabla sijafumba na kufumbua, mbavu zilikuwa vipande vidogo vidogo, zimefungwa, nami nimelipa shilingi 27,000.

Nilipofika nyumbani nilimwekea babu ule mfuko mapajani, nikamweleza nia yangu. Akatia mkono ndani, akapapasa kipande kimoja kimoja. Hakunikaripia. Akasema, "Mjukuu wangu, hii ni nyama nzuri ya mchuzi. Mpe bibi yako." Bibi akapika mchuzi, tukala, wote wakashukuru. Lakini mimi kila tonge lilinikwama kooni, kwani nilijua nimelipa shilingi 27,000 kwa sababu ya haya.

Nikarudi kubeba machungwa wiki nyingine. Mara hii babu akasema, "Tutakwenda pamoja. Na tutakwenda Alhamisi, si Jumapili." Nikamwuliza kwa nini Alhamisi, na chakula ni cha Jumapili. Akanieleza kuwa nyama ya ng'ombe aliyechinjwa leo hukakamaa saa chache baada ya kuchinjwa, na hulainika polepole ikipumzishwa siku mbili tatu mahali pa baridi. Kwa mchuzi si neno, kwa sababu utachemsha mpaka ilainike. Lakini rosti haina maji ya kuisaidia. Ukiikosea mwanzo, moto hautaitengeneza.

Alhamisi tulifika saa 1 asubuhi, nyama imetoka machinjioni muda si mrefu. Nilimshika babu mkono, tukasalimu. Mwuzaji alipoona mzee haoni, akaanza kumsemesha kwa sauti kubwa kama kwamba ni kiziwi. Babu akatabasamu, akaomba aruhusiwe kunawa mikono na kuishika nyama. Baada ya kunawa alikwenda penye upande wa ng'ombe uliotundikwa, akaniuliza kwanza kama muhuri wa mkaguzi unaonekana. Nikamwambia unaonekana, wa wino wa zambarau. Ndipo akaanza kuhesabu kwa vidole.

Hapa wasomaji mtege masikio, maana haya ni ya kufaa. Ng'ombe ana mbavu 13 kila upande. Zile 5 za mbele zimejificha chini ya bega, na nyama yake hufanya kazi kila mnyama anapokwenda, kwa hiyo ni ngumu na ina mishipa mingi. Rosti hutoka ubavu wa 6 mpaka wa 12. Na katika hizo, zile za nyuma, karibu na kiuno, ndizo laini zaidi, kwa kuwa nyama iliyolala juu yake haina kazi nzito. Babu alianza kuhesabu kutoka nyuma: "Huu wa 13, uache. Wa 12. Wa 11. Wa 10. Kata hapa, na hapa."

Kisha akagusa ncha za mifupa ya uti wa mgongo. Akasema, "Ng'ombe huyu bado kijana. Hizi ncha ni gegedu, zinabonyea. Angekuwa mzee zingekuwa mfupa mtupu." Akaniuliza rangi ya mafuta. Nikamwambia ni ya manjano kidogo. Akasema hilo si kosa. Ng'ombe anayekula majani mabichi huwa na mafuta ya rangi hiyo. Mwishowe akabonyeza nyama kwa kidole, akakiondoa, akangoja. Nyama ikarudi mahali pake. Akainusa. Akatikisa kichwa kukubali.

Mwuzaji akanyanyua shoka kwa mazoea. Babu akasema kwa upole, "La, mwanangu. Shoka huvunja mfupa, vipande vikaingia ndani ya nyama. Tia msumeno. Utenge uti wa mgongo kwenye mbavu, lakini usiuondoe kabisa, tutaufunga kwa kamba. Mbavu zenyewe zifupishe, ubakize shubiri moja." Watu waliokuwa wakingoja walinyamaza wakitazama. Wale vijana wawili walikuwapo tena. Nikangoja kicheko, lakini hakikuja. Mzee mmoja aliyevaa kofia akauliza, "Baba, kazi hii umejifunza wapi?" Babu akajibu kwa sauti ya kusikika duka zima, "Nilikuwa mpishi wa meneja wa mkonge. Miaka 14 katika jiko lile, tangu kupasua kuni hadi kulishika lote." Alisema kama mtu anayesema alikuwa nahodha wa meli. Na mwuzaji, aliyekuwa akipiga kelele hapo kwanza, akashusha sauti akasema, "Basi mzee, nisimamie nikate unavyotaka."

Tulibishana kidogo juu ya bei. Mwuzaji alisema sehemu ile huiuza kama steki, kwa shilingi 12,000 kilo, japo ina mifupa. Babu alisema mfupa hauliwi. Mwuzaji akasema mfupa una uzito. Wakacheka wote wawili. Mwisho tulilipa bei ya steki, lakini babu akaongezewa kipande cha shahamu bure. Mizani ilionyesha kilo 2 na robo tatu, nami nikatoa shilingi 33,000 bila kunung'unika.

Nyumbani hatuna friji. Nyama ilipumzika siku tatu katika friji ya duka la jirani, imewekwa juu ya sahani na kufunikwa kitambaa safi, chini kabisa, ili maji yake yasidondokee chupa za soda. Jumamosi usiku tuliichukua kwa muda, tukaifuta ikauka, tukaipaka chumvi kijiko kimoja na nusu cha mezani pande zote, tukairudisha. Babu alinieleza kuwa chumvi kwanza huyatoa maji ya nyama, kisha maji yale hurudi ndani pamoja na chumvi. Ukitia chumvi dakika ya mwisho, inabaki nje tu.

Jumapili asubuhi kulizuka mzozo mdogo. Bibi alileta tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na bizari. Babu akasema havihitajiki ila pilipili manga iliyopondwa. Bibi akauliza, "Nyama gani hiyo isiyo na viungo? Ya mgonjwa?" Babu akajibu, "Nyama ya mtu mwenye subira." Tukapaka pilipili manga ya Amani, ambayo bibi mwenyewe aliikubali kuwa ni nzuri. Kwa kuwa ng'ombe wetu hawana mafuta mengi kama wale wanaofugwa ndani na kulishwa nafaka, babu akaagiza ile shahamu ikatwe nyembamba, ilazwe juu ya nyama na kufungwa kwa kamba, ili iyeyuke polepole na kuilainisha.

Sasa swali lilikuwa oveni. Katika nyumba ya meneja lilikuwako jiko kubwa la chuma la kuni, lenye oveni ubavuni. Sisi tuna majiko mawili ya mkaa na sufuria la pilau. Lakini akina mama zetu wa pwani wamekuwa wakioka mikate na kupalia wali kwa moto wa juu na chini tangu zamani, na babu akasema oveni si kitu kingine ila hicho. Tukaweka sufuria nzito juu ya jiko, na juu yake bati nene lenye makaa. Nyama tukaisimamisha ndani, mifupa chini na mafuta juu. Hatukuhitaji kuweka wavu wala vijiti, kwani zile mbavu zenyewe ndizo zilizokuwa wavu. Zinaiinua nyama isiguse chuma cha moto.

Babu akanipa sheria tatu. Ya kwanza: makaa ya juu yawe mara mbili ya makaa ya chini, kwa sababu hewa ya moto hupanda yenyewe, haishuki. Ya pili: bati lisizibe kabisa, pabaki upenyo wa unene wa njiti ya kiberiti ili mvuke utoke. "Mvuke ukibaki ndani," akasema, "umechemsha, hukuoka." Ya tatu: usifunue funue.

Kuhusu muda, hesabu yake ilikuwa ya ratili: dakika 20 kwa kila ratili, na dakika 20 zaidi kwa nyama yote. Nikatoa kalamu. Kilo moja ni ratili 2.2, basi kilo 2.75 ni ratili 6 na kidogo. Mara 20 ni dakika 120, ukiongeza 20 ni 140, yaani saa 2 na dakika 20. Babu akafurahi sana. Akasema yeye alikuwa akiijua hesabu hiyo kwa kichwa tu, hakuwahi kuiona ikiandikwa.

Tukaanza saa 4 na dakika 20. Dakika 20 za kwanza moto ulikuwa mkali ili nyama ipate rangi, kisha tukapunguza. Babu alikaa juu ya mkeka hatua tatu kutoka jikoni, ameinamisha kichwa, akisikiliza. Nilidhani amesinzia. Mimi nikaona moto wa chini kama unazimika, nikaongeza makaa bila kumwuliza. Haikupita robo saa, babu akainua kichwa. "Nani ametia moto chini?"

Nikanyamaza.

"Mafuta yanalia kwa sauti kali. Na nasikia harufu ya sukari inayoungua. Punguza moto wa chini, upesi!"

Nikapunguza, mikono ikinitetemeka. Nikataka kufunua nione hasara niliyofanya. Akanikataza. "Ukifunua unapoteza joto la dakika kumi. Kilichoungua kimeungua. Ngoja." Basi nikangoja, na hakuna kazi iliyonichosha siku ile kama kungoja. Shilingi zangu 33,000, siku zangu za kubeba magunia, na zaidi ya yote ahadi yangu, vyote vilikuwa ndani ya sufuria lile nami siruhusiwi kutazama.

Zilipobaki dakika 40 tulifunua mara moja tu, tukatia viazi vilivyomenywa na kuchemshwa kidogo, vikalala katika mafuta yaliyoyeyuka. Ncha mbili za mbavu zilikuwa nyeusi kabisa kama makaa. Nikamwambia babu. Akauliza, "Na nyama?" Nyama ilikuwa ya rangi ya kahawia, nzima, haikuguswa. Akasema, "Umeona? Mfupa umekulipia deni."

Muda ulipotimia babu alichukua sindano ndefu ya chuma, akaichoma hadi katikati ya nyama, mbali na mfupa, akahesabu kumi, akaichomoa na kuigusisha chini ya mdomo wake. Ikiwa baridi, nyama ni mbichi. Ikiwa vuguvugu, bado kidogo. Ikiwa ya moto lakini hukimbizi mdomo, tayari. Akasema, "Tayari." Nikashika kisu. Akanizuia tena! Akasema nyama iliyotoka motoni lazima ipumzike karibu nusu saa chini ya kitambaa, la sivyo maji yake yote yatamwagika kwenye ubao. Wenzangu, niliona wazi kuwa rosti hii ina mwalimu mkali kuliko wote wa shule yetu.

Saa 7 na dakika chache tulikuwa mezani: bibi, mama, shangazi, wadogo zangu wawili, babu na mimi. Viti viwili tuliviazima. Babu alinoa kisu kwenye jiwe, akapitisha ncha kufuata mifupa mpaka nyama yote ikatengana nayo, kisha akaikata vipande vya unene wa kidole, kukingamisha nyuzi zake. Hakumhitaji mtu. Vidole vyake vya mkono wa kushoto vilikuwa vikitangulia, na kisu kikifuata. Ndani nyama ilikuwa na rangi ya waridi iliyofifia, na maji yake yaling'aa.

Kisha likatokea jambo ambalo sitalisahau. Babu alichukua sahani ya nyama, akasimama upande wa kushoto wa bibi, akainama kidogo, akamsogezea. Bibi alipochukua, akaenda upande wa kushoto wa mama. Kisha shangazi. Akatuzunguka wote hivyo, akipapasa migongo ya viti, bila kusema neno. Alipomaliza, akaiweka sahani, akageuka kwenda jikoni.

Sote tulinyamaza. Nadhani hata yeye hakujua anafanya nini. Miguu yake ndiyo iliyokumbuka. Nikainuka nikamshika mkono. Nikamwambia, "Babu, kiti chako ni hiki." Akasimama kidogo, kisha akacheka, akaketi. Nikamwekea kipande cha katikati na kiazi kimoja kilichokauka vizuri.

Akatia tonge mdomoni, akatafuna polepole. Tukangoja hukumu.

"Chumvi imepungua kidogo," akasema.

Bibi akaonja, akaonja tena, akasahau habari ya tangawizi. Akasema, "Kumbe ndiyo hii iliyokuwa ikikuchelewesha kurudi kila Jumapili?" Tukacheka mpaka mdogo wangu akapaliwa. Babu akala kipande cha pili, na cha tatu. Mifupa tuliiweka kando, na kesho yake tukatia supu kama zamani. Tofauti ni kuwa mara hii nyama tulikuwa tumeila sisi.

Nimerudi shule, na yule mwenzangu aliyesema neno lile darasani bado tuko pamoja. Sina kinyongo naye. Ndimi niliyelichukua neno lake nikalifanya langu, nikaficha kazi ya babu yangu kama kwamba ni wizi. Wazee wetu walisema kazi mbaya si mchezo mwema. Nami sasa nasema hata hiyo kazi haikuwa mbaya. Ubaya ulikuwa kwamba mtu aweza kupika nyama ile kila Jumapili na asipewe kiti cha kuilia. Ujuzi wenyewe ulikuwa wake, na meneja alipoondoka hakuweza kuutia sandukuni pamoja na mizigo yake.

Wenzangu, wengi wetu tunao mababu na mabibi waliokuwa wapishi, madobi, makuli, wakata mkonge na madereva. Mkienda nyumbani likizo hii, waulizeni walikuwa wakifanyaje kazi yao. Ulizeni habari za vidole na masikio yao, maana huko ndiko elimu yao ilikoandikwa. Na mkifika buchani kununua mbavu za kuoka, msione haya. Semeni kwa sauti: "Kuanzia wa 10 hadi wa 12, kwa msumeno, si kwa shoka." Mkiulizwa mmejifunza wapi, semeni kutoka kwa mzee mmoja wa Muheza aliyekuwa mpishi.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu